Chiriku Amelala

Lifti iligoma katikati ya asubuhi, wakati ukumbi wa idara ya dharura ulikuwa umefurika na pa kuweka mguu hapakuwepo. Vitanda vya magurudumu vilikuwa vimesukumwa ukutani, kimoja nyuma ya kingine. Watu walikohoa kwenye mabenchi, na walinzi walipaza sauti kuwataka ndugu wa wagonjwa warudi nje ya uzio. Ugonjwa mpya ulikuwa umeingia mjini tangu mwanzo wa mwaka, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuiona sakafu ya ukumbi ule ikiwa tupu. Katika vurugu hiyo akapenya fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, begi la vifaa begani na barakoa imemkaa upande. Akagonga mlango wa chuma.

"Humo ndani mko wangapi?"

"Wawili na mtungi wa oksijeni," sauti ya kike ikamjibu. "Mimi na mgonjwa tunaweza kukusubiri. Mwenye haraka ni mtungi, umebakiza kidogo."

"Usiogope, dada."

"Nani kakwambia naogopa? Nimekaa chini kwa mara ya kwanza tangu jana. Ila fungua."

Fundi alicheka huku mikono ikichapa kazi. Sauti ile haikunyamaza. Ilimtania mgonjwa kwamba amepewa chumba cha peke yake, ikamuuliza fundi kama amekula, ikamuuliza kama ni kweli kamba za lifti ni nyembamba kuliko kidole, kisha ikamwambia asijibu. Alipofanikiwa kuishusha na milango kufunguka, alitoka mzee kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yake umbo jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, miwani mikubwa, barakoa, glavu. Kifuani palikuwa pameandikwa kwa wino mweusi: CHIRIKU.

Wauguzi wote waliandika majina vifuani siku hizo, maana wakishavaa walifanana kama magunia ya unga. Wengine waliandika majina yao ya kweli. Yeye aliandika jina alilopewa chuoni kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika.

"Umetuokoa, Fundi," alisema, tayari anakimbia. "Siku nyingine ikwame nikiwa na godoro."

Kuanzia siku hiyo lifti ile ilipata matunzo ambayo haikuwahi kuyapata tangu isimikwe. Fundi alikuja kuipaka mafuta, alikuja kuisikiliza, alikuja kuona kama mafuta yamekauka. Wenzake kazini walimwambia kama ni lifti anayoipenda basi aende akaiposee kwao. Naye hakukasirika.

Walipendana kwanza kwa macho na simu, maana uso wa Chiriku hakuujua. Fundi alimpigia kila Chiriku alipotoka zamu, naye Chiriku alizungumza akiwa amelala chali, miguu imepandishwa ukutani ili ishuke uvimbe. Alimsimulia mambo ya siku hadi sauti ikaanza kukokota, na mara nyingi alisinzia katikati ya sentensi. Fundi hakukata simu upesi. Alisikiliza pumzi kidogo, akisema peke yake, "Lala, laazizi."

Uso aliuona mchana mmoja nyuma ya jengo la kufulia, pale wauguzi walipotoka kuvuta hewa. Chiriku alikuwa amebadilisha nguo, amevaa gauni la bluu lenye maua madogo ya njano, likimpwaya kiunoni kwa jinsi alivyokuwa amekonda. Alisimama mbali naye kidogo, akashusha barakoa. Pua na mashavu yalikuwa na michirizi myekundu iliyochimbwa na miwani.

"Kumbe una mdomo," Fundi alisema.

"Ulidhani naongelea wapi?"

"Ni mzuri."

"Ni mchovu. Uzuri utauona huu ugonjwa ukiisha."

Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia baba yake kwamba amepata mtu. Baba yake alikuwa seremala mstaafu, mjane, anayeishi na mwanawe huyo ghorofani juu ya duka la rangi. Mzee akasema mlete nimwone. Fundi akajibu kwamba mambo yakitulia kidogo atamleta, na kwamba huko hospitali hali si hali. Mambo hayakutulia.

Sasa, ni lazima ieleweke jinsi kazi ilivyokuwa ikienda kwenye mlango ule wa dharura. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini watu hawakuacha kuugua mengine. Matumbo yaliendelea kupasuka, watoto waliendelea kumeza vifungo, mioyo iliendelea kusimama. Hata hivyo amri ilitoka kwamba yeyote anayekohoa au kuhema apelekwe kwanza kwenye hema la vipimo nje ya jengo, asubiri majibu, ndipo aingie. Amri ilikuwa na sababu yake, ilizuia ugonjwa usisambae wodini. Lakini majibu yalichelewa, na anayehema kwa mapafu na anayehema kwa moyo walikaa viti jirani, wakingoja karatasi ileile.

Chiriku ndiye aliyekaa mara nyingi kwenye meza ya kwanza kabisa, pale uzioni, kuamua nani aende hemani na nani aingie. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya janga. Alijua jasho la mtu wa moyo, alijua jinsi anavyojishika na rangi inavyomtoka. Akimwona wa namna hiyo hakujali anakohoa au hakohoi, alimwingiza moja kwa moja kwenye kipimo cha moyo, kisha akajibu maswali ya wakubwa baadaye. Hicho ndicho kitu pekee alichojivunia katika miezi ile yote.

Ikaja siku ya baba.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mzee alianza kuhema, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji, akasema bega linamuuma. Alikuwa pia na kikohozi, kile chake cha siku zote cha vumbi la mbao. Fundi alimpigia Chiriku, simu ikaita bila kupokelewa. Hakushangaa, simu zao zilifungiwa kabatini wakiwa zamu. Akampakia baba yake kwenye gari la kazini, roho mkononi, hadi hospitali. Mlinzi akamzuia nje ya uzio kama ndugu wengine wote, mzee akapokelewa peke yake.

Hapo Fundi akaliona lile jina mezani, limeandikwa kifuani kwa wino mweusi, akafurahi.

"Baba, uko kwa mtu wetu," alisema. Kisha akapaza sauti, "Chiriku! Huyu ndiye baba!"

Umbo jeupe halikugeuka. Lilimsikiliza mzee akikohoa, likamtazama akihema, likanyoosha mkono wenye glavu kuelekea hemani. Fundi alijiambia kwamba labda hataki kuonekana anapendelea. Alishika uzio akangoja. Baba yake alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi jua likapoa. Majibu yalipotoka yalisema hana ugonjwa, na wakati huo alikuwa ameshaanguka kitini. Moyo uliokolewa, lakini nusu tu. Daktari kijana, mwenye macho mekundu kuliko ya wagonjwa wake, alieleza kwamba sehemu kubwa ya msuli wa moyo imekufa, na kwamba angeletwa mapema ingekuwa nafuu.

"Aliletwa mapema," Fundi alisema.



Aliyekaa mezani hakuwa Chiriku. Msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu Fundi hakulijua. Chiriku alikuwa ameunganisha zamu juu ya zamu, akijikaza kisabuni, kwa kuwa wenzake walikuwa wanaugua mmoja mmoja. Mchana ule aliingia chumba cha mashuka, akavua lile vazi lake jeupe akalitundika, akaketi sakafuni avue viatu tu. Hakukumbuka kuvua hata kimoja. Huko akakutwa na muuguzi mwenzake, msichana aliyehamishwa kutoka wodi ya watoto kuja kuziba pengo, ambaye wote walimwita Dada wa Watoto. Alimtazama Chiriku amelala usingizi wa pono, mdomo wazi, kichwa kwenye rundo la foronya, akashindwa kumwamsha. Mavazi mapya yalikuwa yamekwisha. Akalivaa la Chiriku, jina likiwa kifuani, akaenda kukaa mezani badala yake. Aliposikia mtu anaita "Chiriku" hakugeuka, kwani hakuwa yeye. Alimwona mzee anayekohoa na kuhema, akafuata amri.

Chiriku aliyajua yote hayo jioni, kutoka kwa Dada wa Watoto mwenyewe, waliposikia mzee wa hemani ameanguka. Jina la mzee alilitambua baadaye, alipoona kwenye faili jina la ukoo wa Fundi. Alipokuwa bado amesimama na jina hilo kichwani, Fundi akapiga.

"Nilikuita mbele ya watu," alisema. Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imekauka. "Hukugeuka."

"Fundi..."

"Nilimwambia baba, uko kwa mtu wetu. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu."

Chiriku alifumbua kinywa. Kulikuwa na maneno mepesi tayari ulimini, sikuwa mimi, na nyuma yake kulikuwa na mengine ambayo hayakuwa mepesi hata kidogo. Akanyamaza.

"Wewe unayeongea hadi na mitungi," Fundi alisema, "leo huna neno?"

 Fundi akakata simu.

Siku zikafuatana, zote zikifanana. Lifti ilipogoma alikuja fundi mwingine, mtu mzima asiyetabasamu. Chiriku aliacha kuzungumza kazini zaidi ya yale yanayohitajika, mpaka wagonjwa wa muda mrefu wakauliza kama anaumwa. Dada wa Watoto alimfuata, akalia, akamwomba amruhusu aende yeye mwenyewe kwa Fundi akaseme. Chiriku alimkatalia. Alimwambia apige moyo konde akafanye kazi, kwamba hakumuua mtu, kwamba alichofanya ni kumwacha mwenzake alale. Alisema hivyo kwa upole, kisha akajifungia msalani akalia kuliko yule.

Alivumilia hivyo hadi asubuhi moja alipokuwa mezani. Mwanamume mnene akaletwa anahema na kukohoa. Mwenziwe mezani alishanyoosha mkono kuelekea hemani, Chiriku akaushika. Aliona jasho, akaona ile rangi. Yule mtu akaingizwa ndani mbiombio, na kabla ya mchana taarifa ikaja kwamba amewahiwa. Mtoto wake wa kiume alingoja uzioni hadi Chiriku alipotoka, akamshukuru, akamwambia, Mungu amekuweka hapa kwa ajili yetu. Chiriku alirudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. Hakuweza kuipokea shukrani ile huku kuna mtoto mwingine wa kiume mjini anayemchukia kwa kosa ambalo silo lenyewe.

Alipotoka zamu hakwenda kwake. Alioga hospitalini, akavaa lile gauni la bluu kwa kuwa ndilo lililokuwepo, akaulizia lile duka la rangi ambalo Fundi aliwahi kumtajia.

Fundi alifungua mlango akabaki ameshika kitasa. Chumba kilikuwa kimepangwa upya kwa ajili ya mgonjwa, kochi limesogezwa dirishani, mito mitatu mgongoni, dawa kwenye sahani juu ya stuli. Mzee alikuwa ameketi na shati lililofungwa vifungo vyote. Kutoka kochini hadi mlangoni palikuwa mbali kwake siku hizi.

"Shikamoo, baba," Chiriku alisema.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Karibu ukae," mzee alisema. Fundi hakusema karibu, lakini alitoka mlangoni.

Chiriku hakukaa. Aliogopa kwamba akikaa hatayasema. "Siku ile mezani sikuwa mimi," alianza.

"Nilisoma jina kifuani," Fundi alisema.

"Vazi lilikuwa langu. Aliyelivaa alikuwa mwingine."

Fundi alimtazama. Usoni mwake pakaanza kupita kitu kama nafuu, naye Chiriku akaiona nafuu hiyo, ikamuumiza kuliko hasira.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

 Chini dukani mtu alikuwa anagongagonga kopo la rangi.

"Chumba cha mashuka, sakafuni. Ilikuwa zamu yangu, meza ilikuwa yangu. Mwenzangu alinionea huruma, akaenda kukaa pale. Yeye anajua watoto, mambo ya moyo wa mtu mzima hayajui. Aliona kikohozi, akampeleka baba hemani kama walivyotuamuru."

"Anaitwa nani?"

"Hilo sikwambii."

"Chiriku."

"Sikwambii, Fundi. Mwenye deni ni mimi. Kama ningekuwa pale, baba asingefika hemani. Ningemjua tu. Kumwona tu ningemjua."

Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. "Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Ulinilaumu kwa kutogeuka. Hilo ni dogo kuliko kosa lenyewe. Nikaona afadhali ubaki na hilo dogo."

Fundi aliingia jikoni, akasukuma mlango nyuma yake. Akafungua bomba, akaacha maji yatiririke bila kuyafanyia lolote. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kwa visingizio. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alimtaka yule msichana asiye na jina mbele yake amkaripie, kisha akamtaka Chiriku awe mkosaji kabisa au asiwe na kosa kabisa, na hakulipata hata moja. Alisimama pale kwa muda, akitafuta neno gumu atakalotoka nalo.

Huku sebuleni mzee alinyoosha mkono kumwonyesha Chiriku aje karibu. "Yule aliyenipeleka hemani," alisema taratibu, akipumzika kati ya maneno, "alinifunga kifungo cha shati. Kilikuwa kimefunguka. Mikono ilimtetemeka. Nikasema, huyu naye hajiwezi."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nilikuwa na hasira, binti yangu. Bado ninayo kidogo. Ila inanichosha." Akavuta pumzi. "Nipime basi, maadamu umekuja. Huyu kijana wangu ananishika mkono kama anashika spana."

Chiriku alipiga magoti kando ya kochi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akainamisha kichwa kuhesabu. Moyo wa mzee ulikwenda kwa kusitasita, hafifu lakini wenye nia. Alihesabu, akapotea, akaanza upya. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani na kumpasha mgongo.

Fundi alipotoka jikoni na lile neno lake gumu alimkuta hivyo, amekaa sakafuni, shavu limelalia ukingo wa kochi, vidole bado viko kwenye mkono wa baba yake. Alikuwa amelala. Michirizi ya miwani usoni haikuwa myekundu tena, imekuwa myeusi, ya kudumu. Mzee hakutikisika. Alimtazama mwanawe akaweka kidole mdomoni.

Ndipo simu ikaita ndani ya mkoba wa Chiriku. Fundi aliitoa haraka isimwamshe, akaenda nayo kwenye kona ya mlango.

"Chiriku, rudi," sauti ya mwanamke mtu mzima ilisema bila salamu, na kwa jinsi ilivyozoea kuamuru Fundi alijua huyo ni metroni, mkuu wa wauguzi. "Wauguzi wawili wameanguka, sina mtu wa kumweka mezani."

"Amelala," Fundi alisema.

"Mwamshe."

Fundi alimtazama. Alijua, kuliko mtu yeyote mjini, meza ile ikoje Chiriku asipokuwepo. Saa hiyo hiyo huenda kulikuwa na mtu anampakia mzazi wake garini, jasho linamtoka, bega linamuuma. Kumwamsha kulikuwa kazi ya kumgusa bega tu. Angeamka, angeosha uso, angekwenda bila kulalamika. Na angekaa pale akitazama watu kwa macho yale, mpaka aanguke kama wale wawili.

"Siwezi," alisema.

"Kaka, kuna watu nje hapa."

"Najua. Baba yangu alikuwa mmoja wao."

 Nyuma ya metroni vilisikika vikohozi na magurudumu. "Wewe ni nani yake?"

"Mchumba wake."

"Hajaniambia kama ana mchumba."

"Naye hajaambiwa."

Metroni alishusha pumzi ndefu ambayo ingeweza kuwa kicheko kama angekuwa na nguvu. "Akiamka anipigie," alisema, akakata.

Fundi alibaki na simu mkononi. Lile neno gumu alilotoka nalo jikoni alilitafuta, hakuliona.

"Walikuwa wanamtaka?" baba yake aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo."

"Umefanyaje?"

"Nimefanya kama yule mwingine."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akaomba mto mmoja wa mgongoni mwake utolewe. Fundi aliutoa, akauingiza chini ya shavu la Chiriku, naye akakaa sakafuni ubavuni pake. Akangoja aamke, ili amwambie lile la uchumba alilokwisha kumwambia metroni, na muda wote aliokuwa akingoja alimwomba radhi moyoni mtu asiyemjua, aliyekuwa ameketi hemani saa hiyo.